Kahawa Twailima, Ladha Yake Hatuijui

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Sidhani kuna zao lolote katika nchi yetu linaloithibitisha kauli hiyo kuliko kahawa. Kahawa ya Kenya inasifiwa katika miji ambayo wengi wetu hatutaikanyaga maishani. Wachomaji wa ng'ambo huinunua ghali, na wengine huichanganya na kahawa duni za kwingineko ili ipate kuzinyanyua. Lakini mgeni akibisha hodi kwa mkulima wa kahawa kule Kangundo, Nyeri au Kisii, yamkini atakaribishwa kwa chai ya maziwa. Mkulima huyo huenda amepalilia na kuchuma kahawa kwa miaka thelathini, na hajapata hata siku moja kuonja kilichotoka katika shamba lake.

Ni maoni yangu kwamba jambo hili si dogo, wala si suala la kinywaji tu. Ni suala la elimu na la lugha, na ndiyo sababu nawaandikia walimu na wanafunzi badala ya kuwaandikia mawaziri.

Mimi ni mzaliwa wa Kibwezi. Katika utoto wangu kahawa ilikuwa neno la redioni. Ilitajwa katika taarifa ya habari pamoja na bei zake, kisha redio ikazimwa tukanywa chai yetu. Mji wetu ulijulikana kwa mkonge na asali, na hadi leo hakuna msafiri anayeshuka Kibwezi kutafuta kahawa. Hata hivyo, historia ina mizaha yake. Mwalimu akiwaambia wanafunzi kwamba zao hili liliingia Kenya kupitia nyanda za juu zilizo karibu na Nairobi, atakuwa amelianza somo katikati.

Mapadre wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu ndio waliopanda kahawa huko Bura, katika milima ya Taita, mwaka wa 1893, kwa mbegu zilizotoka katika kisiwa cha Réunion. Kibwezi nayo ilikuwa imepata misheni ya Waskoti mwaka wa 1891, misheni iliyokusudiwa kufundisha dini pamoja na kazi za mikono. Misheni hiyo ilihamia Thogoto, Kikuyu, mwaka wa 1898, baada ya homa na ukame kuwachosha watu wake. Lakini Kibwezi imo katika orodha fupi ya mahali pa kwanza nchini palipooteshwa kahawa, nayo ilioteshwa kwa kumwagiliwa maji, kwa kuwa mvua yetu haiaminiki. Kufikia mwaka wa 1900 Kibwezi ilikuwa imekwisha kuijua miche ya kahawa. Kikuyu, ambako zao hili lilikuja kushamiri kwa maji ya mvua, lilifika baadaye.

Naiandika historia hii kwa sababu inaonyesha jinsi kahawa ilivyotufikia. Haikuja kama kinywaji, bali kama kazi. Mzee aliyebeba maji kumwagilia miche ile hakuambiwa tunda lake hufanywa nini baada ya kutiwa katika magunia. Baadaye, serikali ya kikoloni ilipowapa walowezi mashamba makubwa, Mwafrika alizuiwa kuipanda kahawa katika sehemu nyingi za nchi. Ruhusa ilianza kutolewa kwa kidogo kidogo katika miaka ya 1930, huko Kisii, Embu na Meru. Mlango ulifunguliwa zaidi na mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Kwa hiyo mkulima wetu aliipigania kahawa kama haki ya kupata fedha, na alikuwa na haki ya kuipigania. Ila katika safari hiyo yote, tangu misheni hadi mlowezi hadi chama cha ushirika, hapakuwa na mtu aliyemwekea kikombe mezani.

Mimi kikombe changu niliwekewa Maskati. Nilikuwa nimekwenda Omani kwa ajili ya utafiti wa Kiswahili kinachosemwa na familia zilizotoka Unguja na kwingineko Afrika Mashariki, ambazo nyingi zilihamia huko baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1964, na hasa baada ya mwaka wa 1970. Katika kila nyumba niliyoingia, kabla ya kinasa sauti kuwashwa, zililetwa tende, kisha kahawa. Mwenyeji alishika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia, akamimina kiasi cha mafunda matatu tu. Hakujaza, kwani kujaza ni kumwambia mgeni anywe aende zake. Kahawa yenyewe haikuwa na maziwa wala sukari. Ilikuwa imechemshwa na hiliki iliyopondwa, na katika nyumba nyingine ilitonewa maji ya waridi. Finjani ikiisha hujazwa tena, na tena, mpaka mgeni aitikise kidogo kuonyesha ametosheka.

Naungama kwamba nilikipenda kinywaji hicho tangu finjani ya kwanza, na hadi leo sina kingine nikipendacho zaidi. Uchungu wa kahawa ulitangulia, hiliki ikafuata puani, na utamu wa tende ukavipatanisha vyote viwili. Lakini lililonishughulisha zaidi ni mazungumzo yaliyofuata. Mama mmoja wa makamo, mwenye Kiswahili cha Unguja kisichochuja, alinieleza kwa nini kahawa ya siku ile haikumridhisha. Alisema buni zimekaangwa moto mwingi, zikaungua juu na ndani zikabaki mbichi. Kwamba hiliki imezidi ikaifunika kahawa. Kwamba ya juzi ilikuwa imekolea na hii ni chapwa. Kisha akaniuliza, kwa kuwa alisikia natoka Kenya, sisi kwetu huinywaje. Nilimweleza ukweli, kwamba kwetu tunaiuza.

Msomaji wa pwani atanicheka kwamba nilivuka bahari kufuata kilichopo Mombasa. Na acheke. Kahawa ya Maskati na ile ya Mombasa, Lamu na Unguja ni ndugu. Pale Unguja, katika kona iitwayo Jaws, watu huketi barazani wakanywa kahawa na kuichambua siasa ya dunia nzima. Mombasa muuza kahawa hupita na dele lililowekewa makaa chini yake, akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika, na kahawa chungu yenye tangawizi hunywewa kwa kashata au halua. Barabara kuu itokayo Mombasa inapita mlangoni petu Kibwezi. Magari yametuletea kila kitu kutoka pwani, kuanzia nazi hadi leso na mabuyu ya rangi, lakini desturi hiyo ya kahawa haikupanda basi. Hilo ndilo ninalotaka tujiulize sababu yake.

Hapa naomba ruhusa ya kuingia katika taaluma yangu. Maneno huhifadhi kumbukumbu ambazo watu wamezisahau. Neno kahawa tumelipata kutoka kwa Waarabu, na wanaleksikografia wa Kiarabu wa zamani walilieleza kuwa lilikuwa jina mojawapo la mvinyo kabla ya kupewa kinywaji hiki. Walioeneza unywaji wake ni masufi wa Yemeni katika karne ya 15, waliotaka kukesha katika ibada. Kutoka kwao neno lilipita kwa Waturuki likaingia Ulaya, na huko likazaa maneno ya Kiholanzi, Kiingereza, Kifaransa na mengineyo. Sisi hatukulipokea kwa njia hiyo ya kuzunguka. Sisi tulilipata mapema, kwa jirani, ng'ambo ya bahari ile ile. Vivyo hivyo neno buni, yaani punje za kahawa: linatokana na Kiarabu, na ni jamaa wa neno ambalo watu wa Ethiopia hulitumia kuiita kahawa yenyewe.

Kutokana na buni, Kiswahili kikafuata sarufi yake na kuunda mbuni, jina la mti, kama vile tunavyosema embe na mwembe, chungwa na mchungwa. Mbuni ni jina la heshima, jina la mti mzima pamoja na mizizi yake. Sasa tazama lililotokea. Katika biashara ya kahawa ya Kenya, mbuni si mti tena. Ni jina la kahawa iliyokaushwa ndani ya tunda lake bila kumenywa wala kuoshwa, kahawa inayowekwa katika daraja za mwisho na kulipwa bei ya chini. Daraja za juu zinaitwa kwa herufi za Kizungu: AA, AB, na nyinginezo. Neno la Kiswahili lililobeba mti wote limeteremshwa likawa jina la masazo. Sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huu wa namna lugha inavyoweza kunyang'anywa shamba lake.

Neno jingine ni mkahawa. Katika kila mji wa Kenya limeandikwa juu ya milango, na Tanzania wana mgahawa wao. Maana yake ya asili ni mahali pa kunywea kahawa. Ingia humo leo uitishe kahawa, utaletewa maji ya moto na kopo la unga, kama utaletewa chochote. Chai ndiyo mfalme. Chai imekuwa hata jina la kifungua kinywa, na imekuwa, kwa bahati mbaya, jina la hongo. Zao hilo nalo liliingia Kenya mikononi mwa wageni, mwaka wa 1903 huko Limuru, lakini lilipata bahati ambayo kahawa haikuipata: watu walilinywa. Kwa sababu hiyo kila mama wa Kenya anaweza kukuambia kama chai imekolea majani, kama maziwa yamezidi, kama imechemka au imepashwa moto tu. Hana haja ya mtaalamu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Sisemi kwamba mtu asiyekuwa na neno hana ulimi; isimu haifundishi hivyo. Ulimi wa mkulima wa Makueni ni mzima kama ulimi wa mnunuzi wa ng'ambo. Nisemalo ni kwamba watu wasiokuwa na maneno ya pamoja kuhusu ladha ya kitu hawawezi kubishana juu ya kitu hicho, na asiyeweza kubishana hawezi kupatana bei. Kahawa yetu hupangwa daraja kwa ukubwa wa punje zake, lakini huonjwa pia. Waonjaji huikaanga, huisaga, huimwagia maji ya moto, huinusa, huivuta kwa kijiko na kuitema, kisha huandika hukumu yao. Hukumu hiyo huathiri sana bei katika mnada wa Nairobi. Mkulima hurudishiwa tarakimu. Anajua kilo alizopeleka kiwandani na shilingi alizolipwa. Katikati ya kilo na shilingi pana lugha nzima ambayo hakufundishwa, na ndani ya lugha hiyo ndimo linamoamuliwa kama mtoto wake ataenda shule.

Linganisha na asali. Siku ya soko pale Kibwezi, mnunuzi akisema asali ni mbaya, mfugaji wa nyuki huchovya kidole, akaonja mbele ya watu, akamjibu. Atamweleza asali hiyo imetoka katika maua ya miti gani, imevunwa msimu upi, na kwa nini ni nyeusi au nyeupe. Mnunuzi naye huonja, na bei hutokana na mabishano ya watu wawili wanaokijua kitu kile kile. Mfugaji huyo huenda hakusoma sana, lakini hadanganyiki kirahisi, kwa kuwa asali ameila tangu akiwa mtoto. Mkulima wa kahawa, hata akiwa na shahada, husimama mbele ya mnunuzi kama mtu anayeuza barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. La hasha. Wanunuzi huisifu kahawa ya Kenya kwanza kwa uchachu wake mwangavu. Kiswahili kinao ugwadu. Tunda bichi likichumwa kabla ya wakati, kahawa hukaza kinywa. Tunaliita jambo hilo ukakasi. Kahawa isiyo na nguvu ni chapwa au dufu. Iliyowekwa mahali penye unyevu huwa na uvundo. Iliyokaangwa vyema hunukia, na kikombe kizuri hukolea na ladha yake hukaa kinywani. Maneno haya yote yamo katika kamusi, na yamo vinywani mwa akina mama kama yule wa Maskati. Yanachokosa ni kupelekwa shambani.

Wengine watasema kwamba hata wakulima wote wakinywa kahawa, bei ya dunia haitapanda. Hilo ni kweli kwa kiasi. Mfumo wa migao uliosimamiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika mwezi wa Julai mwaka wa 1989, bei iliporomoka, na hakuna kikombe cha Murang'a wala cha Machakos ambacho kingeizuia. Kenya iliyokuwa imevuna takriban tani 130,000 katika msimu wa 1987/88 imeshuka chini ya nusu ya kiasi hicho. Mibuni iling'olewa, mingine ikaachwa imezwe na magugu, na mashamba mengine ya karibu na Nairobi yamegeuzwa kuwa nyumba za kupangisha. Lakini itazame Ethiopia. Karibu nusu ya kahawa ya nchi hiyo hunywewa na wenyewe, kwa sherehe yenye ubani, na mgeni hunyweshwa mara tatu. Soko la ng'ambo linapoyumba, mkulima wa huko ana mnunuzi wa pili, naye ni jirani yake. Sisi tunakunywa sehemu ndogo mno ya tunachovuna, na kwa hiyo soko likipiga chafya sisi tunalazwa.

Wala asiseme mtu kwamba kuithamini kahawa ni desturi ya Waarabu na Wazungu peke yao. Wahaya wa Bukoba walikuwa wakizichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna, na wakampa mgeni kama ishara ya heshima, muda mrefu kabla ya wamisionari kufika na miche yao. Waganda walizitumia buni katika kufunga undugu wa damu. Afrika Mashariki ilikuwa na kahawa yenye utu kabla ya kuwa na kahawa yenye risiti.

Tufanyeje basi? Siombi tume wala ruzuku. Naomba mambo matatu ambayo mwalimu anaweza kuyaanza muhula ujao.

Kwanza, somo la Kilimo lisikomee kwenye dawa ya kunyunyizia na nafasi kati ya mche na mche. Shule iliyo katika eneo la kahawa ichukue kilo moja ya punje za jirani, izikaange katika kikaango cha jikoni, izitwange kwa kinu, na wanafunzi waonje. Wachukue pia zilizochumwa zikiwa mbichi na zilizochumwa zikiwa zimeiva barabara, walinganishe. Mtoto aliyeonja tofauti hiyo hatahitaji kuhubiriwa kwa nini achume matunda mekundu tu.

Pili, somo la Kiswahili likusanye maneno. Mwanafunzi wa pwani awaulize wazee wauza kahawa. Wa bara awaulize wafanyakazi wa kiwandani, na lugha za mama nazo zitoe mchango wao. Insha moja juu ya namna kahawa inavyoandaliwa kwa Waswahili ina faida kuliko insha kumi juu ya siku niliyofurahi sana.

Tatu, sisi wa vyuo vikuu tuache kungoja istilahi zituangukie kutoka mbinguni. Kuna watafiti huko Ruiru waliotoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 katika miaka ya 1980, na Batian mwaka wa 2010. Kazi yao ni ya kujivunia. Wataalamu wa lugha wakae nao, watoe kijitabu cha kuonja kahawa kwa Kiswahili sanifu, chembamba, cha bei nafuu, kinachoweza kusomwa na karani wa chama cha ushirika. Humo neno mbuni lirudishiwe hadhi yake.

Chai haitakufa kwa sababu hiyo, wala siitakii kifo. Bado naisubiri kila saa nne kama mwalimu yeyote. Ninachotaka ni mkulima anayeweza kuinua kikombe cha kahawa yake mbele ya mnunuzi, akanywa funda moja, akasema kwa lugha yake mwenyewe kwamba kahawa hii ina ugwadu wa kutosha, haina ukakasi, na kwa bei hiyo haondoki nayo. Mkulima wa namna hiyo hatatoka wizarani. Ataanzia darasani, na darasa liko mikononi mwa mwalimu.